Baba aliacha dawa kwa sababu yangu

Uvira. Mmezoea kupata kwangu habari za bei ya ndagala pale Kalundu, hali ya barabara ya kwenda Baraka na maji ya bomba yanapokatika. Leo naomba ruhusa niwaletee habari ya nyumbani kwetu. Baba mwenyewe amekubali niiandike. Aliniambia: "Andika, mwanangu. Mimi ulinipotosha ndani ya nyumba. Ukiwaambia watu wengi ukweli, deni lako nitalifuta."

Baba ana miaka 67. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na mpaka leo kwenye avenyu yetu kila mtu anamwita Mwalimu. Ana ugonjwa wa sukari kwa zaidi ya miaka 10, na tansio pia. Miaka 4 iliyopita alikwenda Nairobi kumsalimia dada yangu ambaye ameolewa huko. Dada akasema, kwa kuwa baba amefika kwenye mji wenye mashine nyingi, heri apimwe mwili mzima.

Kati ya vipimo hivyo kulikuwa na kimoja ambacho sisi hapa hatukuwahi kukisikia: skaneri ya kuhesabu kalsiamu katika mishipa ya moyo. Mgonjwa analala, anabana pumzi kidogo, mashine inapiga picha, kiisha kompyuta inatoa namba. Ukipata sifuri, mashine haikuona kalsiamu yoyote. Namba ikipanda, maana yake kuta za mishipa zimeanza kuwa na chembechembe ngumu kama chokaa. Namba ya baba ilikuwa 96. Kipimo cha damu nacho kilionyesha kolesteroli mbaya, ile madaktari wanaiita LDL, imefika 162. Akaandikiwa atovastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja kila jioni. Hiyo ni moja ya dawa za jamii ya statini, dawa za kushusha kolesteroli.

Baba alikunywa dawa ile kwa uaminifu wa mwalimu. Alikuwa anaweka alama ya kalamu kwenye kalenda ukutani kila alipomeza.

Miaka 3 ikapita. Akarudi Nairobi kwa ubatizo wa mjukuu, na dada akasema: "Baba, tupime tena tuone kama dawa inafanya kazi." Wakapima. LDL ilikuwa imeshuka mpaka 94. Tulifurahi. Lakini namba ya kalsiamu ilikuwa imepanda kutoka 96 mpaka 158. Karatasi ziliwekwa ndani ya bahasha, baba akapewa, na hakuna aliyeketi naye kumweleza. Akapanda ndege mpaka Bujumbura, akavuka Gatumba, akafika nyumbani akiwa na bahasha ile ndani ya koti.

Usiku ule aliiweka mezani mbele yangu. Katika familia yetu mimi ndiye mtu wa habari. Barua ya serikali ikija, mimi ndiye ninayeisoma. Redio ikisema jambo lisiloeleweka, mimi ndiye ninayeulizwa. Nikashika simu, nikatafuta. Nikaona kichwa cha habari kikisema kwamba dawa za statini zinaongeza kalsiamu kwenye mishipa ya moyo. Nikasoma mistari mitatu ya kwanza. Mtandao ulikuwa dhaifu na megabaiti zilikuwa zinaisha. Sikufika chini.

Nikamwambia: "Baba, dawa hii ndiyo inakuongezea mawe. Watafiti wenyewe wamesema."

Hakubisha. Alichukua pakiti akaitia ndani ya kabati, nyuma ya vikombe vya wageni. Mama akauliza kama si afadhali kumuuliza daktari kwanza. Nikajibu kwamba imeandikwa. Alama za kalamu kwenye kalenda zikakoma.

Miezi 7 baadaye, asubuhi moja, baba alikuwa anakunywa chai uani. Kikombe kikamtoka mkono wa kuume. Mama alipomuuliza kuna nini, maneno yakatoka yamechanganyika kama ya mtu anayeota, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Nilimpandisha pikipiki, motari mbele, baba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Kabla hatujafika hospitali mdomo ulikuwa umeanza kurudi. Baada ya kama dakika 20 alikuwa anaongea sawa, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba tumlipe motari vizuri.

Daktari alituambia kwamba hicho ni kiharusi cha kupita. Damu iliziba mahali fulani kwenye ubongo kwa muda mfupi, kiisha njia ikafunguka. Alisema si jambo la kushukuru Mungu na kurudi kulala, kwa sababu mara nyingi kidogo kinatangulia kikubwa. Tansio ya baba siku ile ilikuwa 180 kwa 100. Daktari akataka kujua dawa zote anazokunywa, moja baada ya nyingine.

"Ya tansio nakunywa," baba akasema. "Ya sukari nakunywa. Ile ya kolesteroli niliacha. Kijana wangu alisoma kwamba inaongeza mawe kwenye mishipa."

Daktari akanitazama. Mama naye akanitazama. Sijawahi kutamani sakafu inimeze kama siku ile.

Nataka kuwa mkweli hapa. Siwezi kusema kwamba kuacha kidonge kile ndiko kulikomletea baba kiharusi cha kupita. Tansio peke yake ingetosha, na sukari nayo ipo. Hata daktari hakusema hivyo. Alichosema ni kwamba baba alikuwa na ngao tatu, na moja nilimvua mimi.

Kiisha akachukua karatasi, akachora bomba. Alikuwa kijana, angeweza kuwa mmoja wa wanafunzi wa zamani wa baba, na alimweleza kwa heshima.

"Mwalimu, unakumbuka mafuriko ya Mulongwe?"

"Aprili 2020. Nani wa Uvira atasahau?"

"Ukingo ukiwa wa udongo laini, maji yakija kwa nguvu inakuwaje?"

"Unamomonyoka, unaingia mtoni."

"Na penye mawe?"

"Panasimama zaidi."

"Basi mshipa wako ndivyo ulivyo," daktari akasema.

Nimeyasikia maelezo yake, na baadaye nimesoma tena usiku kadhaa, safari hii mpaka mstari wa mwisho. Nawapa kama nilivyoelewa.

Kolesteroli mbaya ikizidi katika damu, inapenya na kuingia ndani ya ukuta wa mshipa. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wanaifuata huko na kuimeza. Wanavimba kwa mafuta na kufa hapohapo. Panabaki uvimbe, katikati laini kama uji, na juu yake ngozi nyembamba. Uvimbe huo hauumi na mtu hajui kama anao. Hatari kubwa inakuja ngozi ile ikipasuka. Uji unakutana na damu, damu inaganda, mshipa unaziba kwa ghafla. Ukiziba kwenye moyo ni shambulio la moyo. Ukiziba kwenye njia ya kwenda kichwani ni kiharusi.

Kalsiamu inaingiaje? Mwili unapopambana na uvimbe ule unaacha chembe za kalsiamu, kama kovu. Ndiyo maana kalsiamu ni alama kwamba ugonjwa upo. Mwenye namba kubwa, akiwa hajaanza dawa yoyote, yumo katika hatari zaidi kuliko mwenye sifuri. Hapo kipimo hakidanganyi. Lakini skaneri ile inahesabu kilicho kigumu tu. Uji laini haiuhesabu, na uji ndio unaopasuka kwa urahisi.

Statini inafanya kazi kwanza katika ini, mahali mwili unapotengeneza kolesteroli. Inapunguza utengenezaji huo, na ini linavuta LDL kutoka kwenye damu. Mafuta katika uvimbe yanapungua, uchochezi unatulia, ngozi ya juu inakuwa nene. Na sehemu iliyokuwa laini inazidi kuwa ngumu. Kwa hiyo mtu anayekunywa dawa vizuri anaweza kuona namba ya kalsiamu inapanda wakati hatari yake inashuka. Udongo wa ukingo unageuka mawe.

Hilo si hadithi ya kumfariji mgonjwa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliunganisha majaribio 8 ambamo watu zaidi ya 3,000 waliingizwa chombo chembamba ndani ya mishipa ya moyo ili kuupima uvimbe kutoka ndani. Waliokunywa statini kwa dozi kubwa, uvimbe wao ulipungua, na kalsiamu ikaongezeka. Mambo mawili kwa pamoja, ndani ya mishipa ileile. Mwaka 2018 utafiti mwingine, uitwao PARADIGM, uliwafuata watu 1,255 waliopigwa picha za mishipa ya moyo mara mbili, kwa nafasi ya miaka 2 au zaidi. Kwa waliokunywa statini uvimbe wote kwa jumla ulikua polepole zaidi kuliko kwa wasiokunywa, ila sehemu ngumu iliongezeka haraka zaidi.

Kuna tena jambo la hesabu yenyewe. Namba ile inaitwa alama ya Agatston, na ilianza kutumika mwaka 1990. Mashine inachukua ukubwa wa eneo lenye kalsiamu, inalizidisha kwa 1, 2, 3 au 4 kufuatana na ugumu wake. Maana yake kalsiamu ileile, eneo lilelile, ikishikana na kuwa ngumu zaidi, namba inapanda. Baba alicheka aliposikia hivyo. Alisema ni sawa na mwalimu anayempunguzia mwanafunzi maksi kwa sababu ameandika kwa wino mweusi zaidi. Mwaka 2014 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MESA ulionyesha hivyo: kati ya watu wenye kiasi kimoja cha kalsiamu, wale ambao kalsiamu yao ilikuwa imeshikana zaidi walipata magonjwa ya moyo kidogo kuliko wengine.

Kwa hiyo kichwa cha habari nilichokisoma usiku ule hakikusema uongo. Statini inaweza kuongeza kalsiamu. Uongo niliuongeza mimi niliposema "inakuharibu". Nilichukua sentensi ya kweli nikaifikisha nyumbani nusu. Sisi waandishi wa mitaani tunawalaumu watu wanaosambaza uvumi kwenye simu. Mimi niliuanzisha wangu mezani, mbele ya sahani ya bugali, na aliyeuamini ni baba yangu mzazi.

Lakini nisije nikaegemea upande wa pili na kuisifu dawa kupita kiasi. Kuna kalsiamu ambayo statini haikuweza kuizuia. Valvu ya moyo inaweza kukauka kwa kalsiamu na kuwa nyembamba. Watafiti walitumaini statini itasaidia. Jaribio la Scotland la mwaka 2005 lilitumia atovastatini ya miligramu 80, na ugonjwa wa valvu ukaendelea vilevile. Jaribio jingine kubwa, SEAS la mwaka 2008, nalo halikuona dawa ikizuia valvu kuharibika. Pia kwa wagonjwa wa sukari na wa figo kalsiamu inaweza kukaa katika tabaka la katikati la ukuta wa mshipa, ikaufanya mshipa kuwa mgumu kama bomba. Hiyo si kovu la uvimbe wa mafuta, na si ya kufurahia. Mgonjwa asiambiwe kwamba mawe yote ni mazuri.

Dawa yenyewe ina matatizo yake. Wapo wanaoumwa misuli. Wapo ambao sukari yao inapanda kidogo. Akina mama wenye mimba hawapaswi kuinywa bila neno la daktari. Ukisikia misuli inauma sana au mkojo unakuwa mweusi, rudi hospitali haraka. Ila kurudi hospitali na kuficha pakiti nyuma ya vikombe ni vitu viwili mbalimbali.

Na faida yake ni nini? Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la nchi za Skandinavia, watu 4,444 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Nusu walipewa simvastatini, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka kama 5, vifo katika kundi la dawa vilikuwa vimepungua kwa asilimia 30. Hawakuhesabu mawe. Walihesabu waliokufa na waliobaki. Nilipoifikia habari hiyo usiku ule niliizima simu nikakaa gizani. Nilikuwa nimemtazamisha baba namba isiyo yake.

Maana hata ile skaneri, daktari alituambia, kwa baba haikuwa na kazi kubwa. Kipimo cha kalsiamu kinamsaidia zaidi mtu ambaye yeye na daktari wake wanasitasita: tuanze dawa au tungoje? Mtu mwenye sukari, mwenye umri kama wa baba, miongozo mingi inasema apewe statini bila kungoja namba ya kalsiamu. Na mtu akishaanza dawa, kuhesabu kalsiamu tena ili kujua kama dawa inafanya kazi ni kama kupima uzito wa mgonjwa wa malaria ili kujua kama homa imeshuka. Kwa wengi ambao tayari wanayo kalsiamu, namba inapanda mwaka hata mwaka, wakinywa dawa wasinywe. Kinachoonyesha kazi ya statini ni LDL katika damu, na kwa baba jibu lilikuwapo tangu mwanzo, kwenye karatasi ya pili ya bahasha ileile: kutoka 162 mpaka 94. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Karatasi ile tuliifurahia dakika moja, kiisha tukaisahau.

Naandika hayo kwa sababu najua baba si peke yake. Wagonjwa wengi wa hapa Uvira wanakwenda Bujumbura, Nairobi, Kampala, wengine mpaka India, na wanarudi na bahasha. Namba zimeandikwa kwa Kiingereza, sisi tunasoma Kifaransa, na nyumbani tunaongea Kiswahili, Kifuliru au Kibembe. Katika safari hiyo ya lugha tatu maana inaanguka njiani. Ndugu wa ng'ambo ametuma dolari za kipimo, lakini dakika 15 za kuelezwa hakuna aliyezilipia. Ukipata bahasha, usiondoke mpaka umeuliza maswali mawili: Namba hii inabadilisha nini katika dawa zangu? Na ikipanda au ikishuka, nifanye nini? Kama umeshafika nyumbani, ipeleke kwa daktari wa hapa kabla hujaipeleka kwa kijana mwenye simu.

Na usiyekuwa na nauli ya Nairobi, usijione umeachwa. Mashine ya tansio ipo hata kwenye vituo vidogo vya afya. Sukari inapimwa kwa tone la damu. Kuacha sigara hakuhitaji skaneri. Kupunguza chumvi, kutembea, kupunguza mawese kwenye sufuria, yote yapo mikononi mwetu. Najua neno la mwisho litawaudhi mama zetu, lakini karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina ile inayopandisha LDL. Mama yangu alinung'unika juma zima. Sasa anapima kwa kijiko.

Baba amerudi kwenye kidonge chake. Dawa ya tansio imebadilishwa, na ameongezewa ya kuzuia damu isigande ovyo. Mkono wa kuume unaandika vizuri kama zamani. Wiki moja baada ya kutoka hospitali nilimkuta amesimama mbele ya kalenda na kalamu. Miezi 7 ile haikuwa na alama, meupe matupu. Nikamwambia: "Baba, nisamehe."

Hakugeuka. Akaweka alama ya siku ile, akafunika kalamu, akasema: "Wanafunzi wangu niliwafundisha kusoma mpaka kwenye nukta. Wewe ulikuwa darasa langu pia."

Bahasha ya Nairobi bado tunayo. Nimeandika juu yake kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, LDL ya kwanza na ya pili, ili mtu yeyote wa nyumbani akiifungua aanze na karatasi hiyo.